Bilauri ya Maziwa ya Saa Nne

Vijana wa depo mliniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Mwezi uliopita nilikabidhi sonda yangu ya kutobolea magunia, nikasaini kwamba nimeikabidhi, kisha nikarudi kuhakikisha kama nimesaini mahali panapotakiwa. Sasa niko nyumbani Biryogo, nina muda, na nina kalamu mbili. Ya pili ni ya akiba.

Nitaandika habari za mwaka wa tisini mpaka tisini na mbili, kisha nisimame hapo. Yaliyoufika mji huu baadaye hayafai kuchanganywa na habari za magunia. Vyeo na mishahara mtavikuta ofisini kwenye mafaili. Ninachotaka kuwaeleza ni jinsi nilivyokaribia kuondoka, kwa sababu kila mwaka mmoja wenu huja kuniuliza, "Mzee Saidi, nimenyimwa nyongeza, nibaki au niende?" Na kila mwaka nimekuwa nikimjibu kwa kukohoa.

Kabla ya kahawa nilikuwa nauza viatu vya mitumba katika soko la mjini. Siku moja alikuja Mgiriki mmoja kutafuta buti. Jina lake Kosta, alizaliwa Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni kama changu. Nikataja bei, akacheka. Akataja yake, nikacheka mimi. Basi akafanya kama inavyofanywa: akaziweka buti chini na kuanza kuondoka polepole, kama mtu aliyekumbuka shughuli nyingine. Mnajua mchezo huu. Anayeondoka anangoja kuitwa, na anayebaki anangoja wa kwanza ageuke. Mimi nilikuwa na kipimo changu: mteja akipita meza ya tatu bila kugeuka, namwita. Kosta alifika meza ya tatu, akasimama kutazama mikanda ambayo hakuihitaji. Sikumwita. Akarudi mwenyewe, akalipa bei yangu, akavaa buti palepale.

"Wewe unajua kungoja," akaniambia. "Mimi natafuta mtu ya kungoja kwenye mlango ya depo. Hawa madereva wananimaliza."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kahawa. Mtu niliyemuuzia viatu kwa bei mbaya alinichukua kwa sababu hiyohiyo. Nilidhani nimempata. Baadaye nilianza kupiga hesabu upya ya nani alimpata nani.

Depo ilikuwa Gikondo, ghala moja refu la mabati na ofisi mbili pembeni. Siku ya kwanza Kosta, ambaye sote tulimwita patron, alinipa sonda, kile chuma chenye ncha kali na tundu katikati, akanionyesha mara moja tu. Gunia halitobolewi tumboni kwa juu. Unaingiza ncha chini, ubavuni, ukielekeza juu kidogo, na punje zinashuka zenyewe kupitia mpini mpaka kwenye sinia. Ukichomoa, unakwaruza nyuzi za gunia kwa ncha mpaka tundu lifunge, kana kwamba hukupita hapo. Halafu unachukua punje moja na kuiuma. Ikikatika kwa mlio, imekauka. Ikiacha alama ya jino, irudishwe juani na mwenye nayo arudi nyumbani. Baada ya hapo unakoboa kidogo, unapima, unamwaga juu ya karatasi ya buluu, unahesabu punje mbaya: nyeusi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu. Patron alisema nihesabu mara moja kwa makini. Mimi nilihesabu mara mbili bila makini sana, ikawa ni kitu kilekile.

Kanuni nyingine hakuna aliyenifundisha, niliitoa sokoni. Dereva akikuonyesha gunia la kutoboa, mshukuru, kisha toboa lile ambalo hakulionyesha.

Kwenye ofisi ya pili alikaa Anaklet.

Anaklet alikuwa mwonjaji. Alikuja na patron kutoka Bujumbura, mtu mwembamba, mpole, Mkatoliki wa kusali kila asubuhi. Alivaa koti jeupe, na kwenye mfuko wa kifuani alikuwa na kijiko kilichofungwa ndani ya leso safi. Kazi yake ilikuwa hivi. Unapanga vikombe vitano kwa kila kahawa, unamwaga maji ya moto, unangoja, kisha unavunja lile povu la juu kwa kijiko huku pua ikiwa karibu kuungua. Unavuta funda kwa mlio unaosikika mpaka barabarani, unalizungusha mdomoni, unalitema kwenye ndoo. Nyumbani kwetu ukivuta chai namna hiyo unafukuzwa mkekani. Yeye alikuwa analipwa.

Alichokuwa akitafuta hasa ni kiazi. Kahawa yetu ina ugonjwa huu, mnaujua: punje moja tu, nzuri kwa macho kuliko zote, ikisagwa kikombe chote kinanuka kiazi kibichi. Jicho halioni. Unaweza kuhesabu mpaka vidole viote sugu, punje ile itapita mbele yako imetabasamu. Pua na ulimi tu ndivyo vinaikamata, na vya Anaklet vilikuwa havikosei.

Kwa ajili ya ulimi huo alitunzwa kama bibi harusi. Hakula pilipili wala kitunguu, hakuvuta sigara. Patron akienda kulala kwake Kiyovu, Anaklet alipanda mbele kwenye gari na kushushwa njiani. Mimi nikipata bahati nilipanda nyuma na magunia matupu. Na kila siku saa nne kamili, mpishi wa ofisi alipita na sinia. Sisi wote tulipewa chai ndani ya vikombe vya bati. Juu ya sinia ilikuwapo pia bilauri moja ya kioo, imejaa maziwa ya baridi, ya kusafisha ulimi wa Anaklet.

Sikuwa napenda maziwa. Yananijaza gesi. Lakini nilijua kila siku bilauri ile imejaa kiasi gani, na siku moja ilipokuja pungufu kwa upana wa kidole nilishinda na furaha mpaka jioni.

Nilifanya kazi hivyo mwaka, na wa pili ukaingia. Thamani ya franga ilishuka, bei ya kahawa ng'ambo ikashuka nayo, kaskazini kulikuwa na vita na malori yalichelewa kwenye vizuizi vya barabarani. Nyumbani mtoto wa pili alikuwa amezaliwa. Nikaamua kwenda kuomba nyongeza. Nilichagua siku ambayo shehena imeondoka vizuri. Nilivaa shati lililochakaa kola, lakini si lile lililochakaa kabisa, maana ukionekana maskini mno mtu anadhani umeshazoea.

"Patron, nimekuja kwa ile nyongeza."

"Nyongeza gani?"

"Ile ambayo hujanipa."

Akavua miwani. "Saidi, bei imelala. Franga imelala. Barabara iko na vita. Wewe peke yako ndiyo unataka kusimama?"

"Sitaki kusimama, patron. Nataka kukaa vizuri kidogo."

"Hakuna. Mwaka huu hakuna mtu."

"Hakuna mtu, au hakuna Saidi?"

"Hakuna mtu, nimekwambia."

Nimeuliza mara mbili, nimepata jibu moja. Nikatoka, na niseme kweli, sikutoka vibaya sana. Kukosa pamoja na wenzako kunavumilika.

Siku tano baadaye Anaklet aliningoja getini baada ya kazi, amekunja koti lake vizuri kwapani. "Bwana Saidi, twende nikununulie fanta."

Katika mwaka mzima hakuwahi kuninunulia hata karanga. Tukakaa kwenye kibanda cha pale jirani. Akafuta mdomo wa chupa yangu kwa leso yake kabla ya kunipa.

"Kuna nini?" nikamwuliza.

"Patron ameniongeza. Kidogo tu. Nimeona kukuficha ni vibaya, sisi tunafanya kazi pamoja."

"Amekuongeza lini?"

"Wiki iliyopita, Jumatatu."

Mimi nilikwenda kwa patron Jumatano. Nilihesabu siku hizo kwa vidole chini ya meza, kwenda na kurudi, zikabaki vilevile. Aliponiambia hakuna mtu, mtu alikuwapo tayari, na alikuwa ng'ambo ya ukuta anavuta kahawa kwa mlio.

"Hongera," nikamwambia. Ile fanta nikainywa yote, na yake aliyoibakiza kwa ajili ya ulimi wake nikaimalizia.

Sasa nataka mnielewe. Isingeniuma kama Anaklet angekuwa mwizi, au mjomba wake angekuwa mkubwa mahali fulani. Angekuwa hata na majivuno ningepata pa kushikilia. Lakini alikuwa mtu mwema, na mtu mwema akikuzidi huna hata la kusema msikitini. Wiki hiyo nilianza kuona kila kitu chake. Viatu vyake, ambavyo nilijua bei yake halisi. Kiti chake chenye mto. Hata kukohoa kwake niliona kuna raha ndani yake. Mdomo wangu nao ulikuwa kazini tangu asubuhi ukiuma punje, ila kumbe meno hayalipwi kama ulimi.

Nikiwa katika hali hiyo nikakutana na Gaspar, msimamizi wa depo nyingine, ile iliyokuwa karibu na njia panda ya Sonatubes. Alinisimamisha barabarani.

"Kaka, wewe si uko kwa yule Mgiriki? Natafuta mwonjaji. Wangu ameoa Butare, hataki kurudi."

Alikuwa hajui mimi ninafanya nini pale. Nilimtazama, nikasikia mdomo wangu unasema, "Mimi naonja."

"Kweli? Basi njoo Jumatatu asubuhi. Nitakupangia vikombe, tuone. Ukifaulu unaanza siku hiyohiyo."

Akataja kiasi. Sitakiandika. Niseme tu kwamba nilimwomba arudie.

Nyumbani nikamweleza mke wangu, Mama Hamisi. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Baba Hamisi, wewe chumvi ikizidi unagundua kesho yake."

"Mwonjaji anafundishika. Niletee vikombe vitano."

Tulikuwa na vitatu, viwili akaazima kwa jirani. Nilikaanga kahawa, nikatwanga, nikamwaga maji. Nikamwambia aninyunyizie tone la maji ya kiazi kibichi katika kikombe kimoja, kwa siri, nami nitoke kwanza. Nikarudi na kijiko, nikavuta. Funda la kwanza liliniunguza, kwa hiyo mengine yote yalikuwa na ladha ya kuungua.

"Ni cha nne," nikasema.

"Rudia."

"Cha kwanza."

Mama Hamisi alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni, hatua sita kutoka mezani. "Ni cha tatu. Kinanuka mpaka huku."

Nikasema ni kwa sababu yeye ndiye aliyekitia. Basi tukabadilishana: mimi nikatia, yeye akatoka. Akarudi, hakugusa hata kijiko, akapitisha pua juu ya vikombe kama anayepita dukani asiyenunua. "Hiki." Tukafanya mara ya pili kwa kikombe kingine. "Hiki." Mimi siku mbili mfululizo nilijaribu, alasiri hadi magharibi, na nilipata kimoja, ambacho nilikuwa nimechungulia.

"Jumatatu unipeleke mimi," akasema. "Wewe ubebe kijiko."

Kuanzia hapo nilikuwa na wivu kwa watu wawili, mmoja kazini na mmoja nyumbani.

Lakini mtu wa soko haachi mchezo kwa sababu karata zake ni mbovu. Nikajipangia hivi: sitakwenda kwa Gaspar, ila patron hajui hilo. Nitamuaga, nitaondoka polepole, ataniita, na akiniita nyongeza yangu itakuja nyuma ya sauti yake. Alhamisi asubuhi nikaingia ofisini kwake.

"Patron, nimepata mahali pengine. Kesho siji."

Akaniangalia. Akasimama, akanyoosha mkono juu ya meza. "Umefanya vizuri kunieleza. Enda salama, Saidi. Salimia mama."

Nikaupokea mkono. Nikasema nitamsalimia.

Kutoka meza ya patron mpaka getini ni hatua sitini na mbili. Nilizijua kwa sababu nilikuwa nimezipima siku iliyotangulia. Hatua ya ishirini, kimya. Nikapunguza mwendo. Hatua ya arobaini, ambayo kwa hesabu yangu ndiyo meza ya tatu, niliinama kufunga kamba za viatu, na siku hiyo nilikuwa nimevaa viatu visivyo na kamba. Dirisha la patron lilikuwa wazi. Nilisikia anafungua gazeti.

Hapo ndipo nilipokumbuka buti. Mtu yule aliwahi kusimama mbele ya mikanda asiyoihitaji akingoja sauti yangu, na sikuitoa. Nilikuwa namchezea mchezo ambao mimi mwenyewe nilimwonyesha unavyomalizika. Nyuma hakuna kazi, mbele kuna vikombe vitano vya Gaspar, na nyumbani watoto wawili na mwenye nyumba anayekuja tarehe moja bila kukosa. Nikazihesabu tena hatua zilizobaki. Ishirini na mbili.

Getini sikuweza kupita. Lori lilikuwa limeingia nusu na kuziba njia, na juu ya magunia alikaa dereva, jitu moja la tumbo. Chini alisimama Anaklet na koti lake jeupe, ameshika sonda yangu kama mshumaa. Lori liliingia nikiwa ndani kwa patron, naye akaichukua kwa kuwa mimi sipo.

"Dogiteri, toboa hii," dereva akamwambia, kana kwamba koti lile ni la daktari. "Na hii. Na ile pale."

Anaklet alitoboa kila alipoonyeshwa, tumboni, kwa juu, na kila alipochomoa aliacha tundu wazi na punje zinamwagika. Nilihesabu kumi na moja zikianguka kwenye tope. Nikageuza macho, sikuwa na kazi pale. Nikayarudisha.

Akaniona. "Bwana Saidi, ngoja kidogo. Hii kitu inaingiaje?"

Basi niliitwa. Si na sauti niliyoitaka, lakini niliitwa. Akanikabidhi sonda kwa mikono miwili, kama inavyokabidhiwa kwa mkubwa, mbele ya dereva.

"Shuka," nikamwambia dereva.

"Kwa nini?"

"Nataka hilo ulilokalia."

"Hili lina vumbi, mzee."

"Mimi napenda vumbi."

Alishuka kwa muda mrefu. Nikaingiza sonda ubavuni, punje zikashuka, nikauma moja: jino likazama kama kwenye jibini. Nikauma ya pili. Nikatoboa la chini yake, na la pembeni. Katikati ya lori magunia yalikuwa mabichi, yamezungushiwa mazuri kama ukuta. Juu ya karatasi ya buluu punje nyeusi zilianza kujipanga.

Sauti ya patron ikatoka dirishani. "Saidi, si umeondoka?"

"Naondoka, patron. Nasubiri lori lipishe."

"Iko na magunia ngapi?"

"Mia na ishirini."

"Mbaya ngapi?"

"Sijamaliza."

"Maliza."

Huo ndio ulikuwa mkataba wangu mpya. Nilirudisha magunia thelathini na manane. Yale niliyoyapitisha, mazuri, makavu, yasiyo na doa, Anaklet akachukua sampuli yake ndani. Akatoka baada ya nusu saa akifuta kijiko.

"Kuna kiazi, Bwana Saidi. Kikombe cha pili na cha tano."

Nikaingia nikainamia vikombe vyote vitano. Nilinusa kahawa, kahawa, kahawa, kahawa, kahawa. Hapo ndipo iliponiuma kuliko Jumatatu yake yote: nyongeza ile alistahili.

Ijumaa nilikuja kazini. Hakuna aliyeniuliza. Gaspar nilimpelekea habari kwamba nimeshikwa na mafua. Kwa mwonjaji mafua ni udhuru wa heshima, na hivyo nadhani mimi ndiye mwonjaji pekee katika mji huu ambaye hajawahi kushindwa mtihani.

Nyongeza ilikuja mwaka uliofuata. Ilikuwa ndogo kiasi kwamba kuiandika ni kuipa sifa.

Sasa ninyi mnaoniuliza mbaki au mwende, jibu langu ni hili, na sitakohoa. Ukitaka kwenda, nenda kwa mwendo wa kawaida. Ukitaka kubaki, baki ukae. Ila kabla hujaanza kuondoka polepole, hakikisha uliyemwacha nyuma hajawahi kununua viatu kwako.

Jumatatu ileile ya mtihani, wakati Gaspar anameza vikombe vyake mwenyewe, mpishi wa ofisi alipita saa nne kamili. Akasimama mbele yangu. Kwenye sinia hapakuwa na kikombe changu cha bati. Palikuwa na bilauri mbili za kioo.

"Patron amesema na wewe," akaniambia. "Kwa ajili ya meno."

Nilihesabu bilauri. Mbili. Nikahesabu tena. Kisha nikainama mpaka macho yakawa sawa na sinia, nikazilinganisha moja na nyingine.

Ya Anaklet ilikuwa imejaa zaidi.